Aniversere ya mutoto wangu wa myaka 3, mama mukwe ashaalika batu 64. Munishauri

Mama Neema (Katindo)
Bamama na bapapa ba hapa Goma, mambo. Niko naomba ushauri juu kichwa inanichoka kabisa. Binti yangu Neema anafikisha myaka 3, siku ya posho, si hii inakuya, ile ya nyuma yake. Mimi nilikuwa nawaza kitu kidogo tu hapa ku nyumba, yeye na barafiki bake ba maternele batano ao sita, gato, frite, sukre, kisha kila mutu anarudi kwao. Sasa mama mukwe alisikia, akaanza kualika. Kwaya yake yote, bajirani, bamama bakubwa ba Majengo, jana usiku nilihesabu nikapata 64. Sasa bananipigia telefone, tutavala rangi gani, sono inatoka wapi, marene atatoa nini. Mi niko na dola 80. Papa wa Neema ako Bunia kikazi, alituma yenye aliweza.

Lakini yenye inaniogopesha zaidi si franga. Mwaka jana alipofikisha 2 tulifanya kubwa. Gato tuliomba ku patiseri moja, bakasema saa nane itakuwa hapa, ikafika saa kumi na moja, mutoto ashalala zamani. Bakamwamusha. Anafungua macho anakuta telefone kama kumi zinamulika mu uso, sono iko juu, batu banaimba kwa nguvu, na mbele ajue ni nini, mashangazi bakamwangia maji sawa vile banamwangiaka mutu mukubwa siku yake ya kuzaliwa, ndoo nzima, na baridi ya hapa munaijua. Alilia mpaka akatapika. Na mpaka leo akisikia ule wimbo wa aniversere, ata ku telefone ya jirani, anakuya mbio anashika kitenge yangu kwa mikono mbili anaingiza uso ndani, haongee kitu. Sitaki irudie. Na mama mukwe ni mutu muzuri, nilipozaa njo yeye aliniosha, siwezi kumwambia hapana mbele ya batu. Nifanye je?

Yaya Bahati (Ndosho)
Pole sana dada. Mimi yangu niligawanya siku. Batoto siku ya posho asubuhi, peke yao na bamama benye kubaleta. Kisha siku ya mungu nyuma ya misa bakubwa bakakuya kusalimia, chai na mandazi, batu bakaomba, bakaimba pole pole, bakaenda. Hakuna sono, hakuna MC. Mandazi ya batu 60 haiombe franga mingi, unga na mafuta na sukari, ukipata bamama babili ba kusaidia kupika munamaliza asubuhi.
Na usimwambie wewe mama mukwe. Hiyo kazi ni ya bwana yako. Apige telefone kwa mama yake, aseme "mama, mimi njo naomba ifanyike hivi". Neno ya mutoto wake ataipokea, yako ataisikia sawa vile unamufukuza.

Papa wa Mapacha
Mi naona tofauti kidogo, munisamehe. Aniversere kwetu haiko ya mutoto peke yake. Huyu mama mukwe mbele ya kumuhukumu tujiulize ameona nini mu hii muji, volkano ya 2002, ingine ya 2021, vita, kukimbia na godoro ku kichwa kisha kurudi. Mutoto akifika myaka 3 mukubwa anataka kushukuru Mungu mbele ya batu, na batu bashuhudie. Usimunyime hiyo. Ila nakubali, maji basimwangie. Mapacha yangu nilikataza kabisa, na watu balikasirika siku moja tu, kesho yake bakasahau.

Mama Neema (Katindo)
@Papa wa Mapacha aksanti, hiyo sikuiwaza. Ni kweli 2021 alikimbia mpaka Sake na miguu, alikuwa amebeba mutoto ya jirani. Nitashika hiyo neno.

Mwalimu Esperance
Niko nafundisha maternele, darasa ya kwanza, batoto ba myaka 3 njo bangu kila siku. Mama Neema weka saa tatu ya asubuhi mpaka saa tano, isipite. Saa sita mutoto wa huo umri anasinzia, na akishachoka ata umupe nini atalia tu. Mwaka jana tatizo haikuwa gato pekee, ni saa.
Barafiki sita banatosha, ata bane. Kwa hii myaka bado habajue kucheza pamoja, kila mutu anacheza na kake pembeni ya mwenzake, usilazimishe michezo ya kushindana ju bale benye kushindwa banalia na mwenye kushinda haelewe ameshinda nini. Babekee mabeseni mbili za muchanga na bikombe bya plastike, karatasi na krayo, mupira moja. Batakaa hapo. Nyimbo zile za maternele, za kupiga mikono, zinatosha kuliko sono.
Na ule wimbo wenye anaogopa, anza leo. Usiku mbele ya kulala mufanyie aniversere mutoto wake wa kitambaa, mushumaa moja, uimbe kwa sauti ya chini sana, yeye azime. Kesho tena. Akikataa, acha, usimushike. Siku yenyewe akionyesha uoga, imbeni wimbo ingine yenye anapenda. Hakuna sheria inasema lazima iwe ile.

Jolie wa Himbi
Mama Neema kama parseli ni ndogo kuna bustani nzuri ku mwambao upande wa Lac Vert, sisi tulienda na batoto, nyasi safi, hewa safi. Bei munaongea na mwenyewe.

Muuguzi K.
Jolie samahani, hapo nitakataa, na nasema kwa roho safi. Upande ule wa magaribi, Mugunga, Bulengo, mpaka kando ya Kyeshero na Himbi kuna mazuku. Hii gazi inatoka mu udongo, ni nzito kuliko hewa, inakaa chini mu mashimo na mabonde, haina rangi wala harufu ya kukuonya. Mutu mukubwa amesimama anaweza asisikie kitu, mutoto wa myaka 3 pua yake iko kwenye magoti yako, na huyo njo anaingia mu shimo kufuata mupira. Asubuhi mapema na jioni wakati hakuna upepo njo mbaya zaidi. Mukiona mahali nyasi imekauka peke yake ao ndege amekufa, mutoke. Kama haujui ile fasi vizuri, musipeleke batoto.
Mimi niko upande wa batoto ku hospitali, niongeze bingine. Karanga, bombo ngumu na popukorni, hapana. Sosiso kata kwa urefu kisha vipande vidogo, usikate duara duara, ule muduara njo unaziba koo sawa kifuniko. Baloni yenye imepasuka okota vipande palepale, batoto banatiaka mu kinywa na inashika njia ya hewa. Na mutoto akikabwa, hawezi kukohoa wala kulia: mwinamishe, pigo 5 za mukono katikati ya mabega, ikikataa umukumbatie kutoka nyuma, ngumi juu ya kitovu, sukuma mara 5 ndani na juu, kisha urudie, na mutu ingine ashatafuta pikipiki ya kwenda hospitali.
Maji ya kunywa chemsha ao tia klori, mu hii muji kolera haitoki. Weka ndoo yenye robine na sabuni ku mulango. Na mawe ya volkano mu parseli yako, tandika mikeka nzito juu, magoti yatapona.

Koko Vumilia
Mutoto wangu, gato usinunue. Twaa sufuria kubwa, tia muchanga mukavu chini vidole viwili, weka ku makala, funika mpaka ipate moto. Mayai 4, sukari glasi moja, piga mpaka iwe nyeupe, tia Blue Band yenye imeyeyuka, unga glasi mbili, levire kijiko kidogo, ganda ya ndimu yenye umekwaruza. Mimina mu kasufuria kadogo kenye umepaka mafuta, ingiza ndani ya kubwa, funika, tia makala kidogo juu ya kifuniko. Usifungue mbele ya nusu saa, itaanguka. Kisha choma na kijiti, kikitoka kikavu imeiva.

Mama Neema (Katindo)
Nimerudi. Bwana yangu aliongea na mama yake jana, walikaa ku telefone saa nzima. Leo asubuhi akakuya hapa, nilikuwa na uoga. Akakaa, akaniuliza "kumbe ile maji ilimuumiza hivi?" Hakuwa anajua, ile siku alikuwa jikoni na wali. Akamwita Neema, akamupakata, hakuongea kitu ingine kwa muda.
Basi: posho saa tatu batoto sita. Siku ya mungu nyuma ya misa kwaya itakuya hapa, sala na chai, yeye atapika mandazi na mashangazi, na yeye njo atakataza maji. Sono hakuna. Mutoto wa kitambaa tumemuimbia usiku tatu sasa, jana Neema alizima mushumaa mwenyewe akasema "tena".
@Koko Vumilia nilijaribu gato, katikati ilibaki mbichi. Makala ya juu ilikuwa mingi ao kidogo?

Koko Vumilia
Ya chini ilikuwa kidogo. Ongeza chini, ya juu ipunguze. Na muchanga upate moto dakika 15 mbele ya kuingiza. Jaribu tena siku ya tano, ukikwama unipigie, niko hapa Mabanga.