Mbolea ikiadimika, nipunguze ipi kwanza?

jembe_kavu: Wakuu habarini. Hivi inakuwaje vita inapigwa huko mbali alafu mbolea inapanda bei mpaka kwa mtu wa heka mbili za mahindi? Na kama hela inatosha nusu tu, nikate ya kupandia au ya kukuzia? Kuna jamaa kaniambia niachane na zote niweke samadi, naona kama ananiingiza mjini.

bwana_udongo: Mkuu urea, ile ya kukuzia yenye naitrojeni, inatokana na gesi asilia, gesi inatoa haidrojeni, inaunganishwa na naitrojeni ya hewani inakuwa amonia. Gesi ikipanda viwanda vinazima mitambo, ndo kilichotokea Ulaya 2022 Urusi ilipovamia Ukraine. Potashi nayo, mbolea ya potasiamu, inatoka zaidi Kanada, Urusi na Belarus, na China ilianza kubana mbolea isitoke nje tangu 2021, kabla hata ya hiyo vita.

Ya kukuzia usiipunguze. Fosforasi inakaa ardhini, kama shamba limekula DAP (ya kupandia, yenye fosforasi) miaka mingi akiba ipo, pima udongo alafu punguza hapo. Naitrojeni haingoji mtu, mvua inaiosha au inapaa. Na urea fukia jamani, watu wanaimwaga juu juu wanaondoka, ile harufu inayochoma pua ndo hela yako inapotea.

mama_shamba: Huyo jamaa wa samadi muulize Sri Lanka. 2021 serikali ilipiga marufuku mbolea za viwandani ghafla, mpunga ukashuka vibaya na mwaka haujaisha wakalegeza. Piga hesabu, mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, samadi yenye asilimia 1 utahitaji zaidi ya tani mbili, na haitoi yote msimu huo huo. Una ng'ombe wangapi?

mzee_wa_mboji: Tusiidharau samadi lakini, udongo wenye mboji unashika hiyo mbolea kidogo uliyopata. Mi nachanganya. Kinachonitisha ni kwamba wengi wakikata mbolea leo hakuna anayeshtuka, maghala bado yana nafaka ya msimu uliopita, kelele zinaanza baada ya mavuno na hapo mbolea haisaidii tena.

jembe_kavu: Asanteni sana. Je nikipanda kunde katikati ya mistari, mahindi yanapata hapo hapo naitrojeni ambayo kunde zinaivuta hewani?

bwana_udongo: Kidogo sana mkuu. Faida kubwa linaipata zao linalofuata, tena kama masalia utayaacha shambani, ukiyang'oa ukachoma moto umejisumbua bure.