Mshipa wa shingo wa mzee umebana: apasuliwe au awekewe stenti?

Mwana wa Kirumba:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Mzee wangu ana miaka 73. Jumatano ya wiki iliyopita akinywa chai, kikombe kilimponyoka, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayatoki. Dakika 20 baadaye akawa sawa, akadai eti ni usingizi. Vipimo vinaonyesha mshipa wa shingo, upande wa kushoto, umebana zaidi ya asilimia 70. Kuna kupasua shingo na kutoa yale mafuta yaliyoganda, au kupitisha waya pajani na kuweka stenti, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Shangazi hataki kusikia habari ya kisu shingoni. Miaka kumi mbele, kipi kinadumu?

Sangara Mkavu:
Pole mkuu. Mchemshie kitunguu saumu na ndimu, mshipa utafunguka wenyewe.

Nesi Mstaafu:
Sangara, unampoteza mwenzio. Hayo mafuta yameshakuwa na chokaa, ndimu itayafanya nini?

Mwanangu, utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada ulifuatilia wagonjwa 2,502 hadi miaka 10. Ukishapita mwezi wa mwanzo, kwa kudumu ni sare. Tofauti iko kwenye zile siku za kwanza: stenti ilileta viharusi zaidi, asilimia 4.1 kwa 2.3, na upasuaji ukaleta mshtuko wa moyo zaidi, 2.3 kwa 1.1. Waliovuka miaka 70 upasuaji uliwafaa zaidi. Mishipa ya wazee imejipindapinda, waya ukipita unaweza kubandua vipande vikakimbilia kwenye ubongo. Mweleze shangazi hivyo hivyo.

Bwiru Juu:
Mama yangu ana stenti mwaka wa sita huu na bado anakaanga dagaa. Ila moyo wake ulikuwa mbovu, ndiyo maana hawakumpasua. Aspirini, dawa ya kolesteroli na ya presha hajaacha hata siku moja. Mzee anavuta?

Mwana wa Kirumba:
Anavuta, tena kwa kujificha nyuma ya mitumbwi.

Nesi Mstaafu:
Sigara ikome leo. Na msisubiri kikao cha ukoo: aliyekwishaonyesha dalili hufaidika zaidi akipasuliwa ndani ya wiki mbili. Muulize daktari wa upasuaji amefanya wangapi, na wangapi walipata kiharusi mezani. Usione haya, ni haki yenu.

Mwana wa Kirumba:
Wiki mbili? Leo ni siku ya tisa. Ngoja nimpigie shangazi.