Wazazi mliojifunza viatu vya matairi ukubwani, tupeane uzoefu

Mama Sahare: Wakuu, habari za jioni. Kuna mtoto kapita hapa nje na viatu vya matairi, roho ikanidunda. Mimi nilianza ukubwani, watoto ninao tayari. Mjomba wao alileta pea kubwa kuliko miguu yao, ikanikaa mimi. Nikawa natoka alfajiri nyumba imelala, najishikilia ukuta wa jirani. Siku nilipoachia ukuta nikasukuma mguu mmoja, nikatulia juu ya mwingine, upepo wa bahari unanipiga usoni... Kwa kitambo kile hakuna anayeniita mama, hakuna anayetafuta soksi. Wenzangu mlianzaje?

Chumbageni Tu: Nimeweka kambi.

Baba Pacha: Nakazia hapo pa soksi.

Fundi Spana: Mama mzima barabarani na matairi, uji nyumbani unaungua. Mambo ya watoto hayo.

Nesi wa Zamu: Fundi, Oberstdorf kule Ujerumani kuna mashindano ya kuteleza barafuni ya watu wazima, wanaanzia miaka 28 kwenda juu. Wewe endelea na bao.

Fundi Spana: Ndiyo hukohuko. Tanga barafu ni ya samaki.

Shemeji Raskazone: Ngojeni niwape yangu. Wife yuko kazini, watoto wamelala mchana, nikasema nijiibe kidogo. Kwetu kuna kimteremko kinaishia kwa mama muuza mihogo. Pale juu najiona Surya Bonaly, yule Mfaransa aliyepiga sarakasi ya kinyumenyume akatua kwa mguu mmoja barafuni, Olimpiki ya Nagano 1998, wakati ule ni marufuku (wameiruhusu 2024). Sasa viatu vyangu breki yake ni ule mpira wa mbele, kwenye vidole. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiukandamiza huku unakwenda mbele, miguu inagoma, kiwiliwili kinaendelea na safari! Nikashuka mbio kwa ncha za vidole, mikono hewani, nikapita katikati ya karai la mafuta na ndoo ya maji, nikaishia kwenye benchi la wateja. Mzee mmoja kanidaka na kanzu yake nyeupe. Bakuli zima la chachandu kifuani kwangu. Mama wa mihogo akaona wekundu, akapiga yowe: "Kafa! Kafa huyu!" Jirani keshampigia wife.

Dada wa Donge: 😂😂 Chachandu! Ikawaje wife?

Shemeji Raskazone: Kaja na bodaboda, sare hajavua. Akainama, akaninusa, akasema "pilipili na ndimu", akaniacha palepale akaenda kuangalia wanawe.

Fundi Spana: Chai hii. Karai la moto lisimwagike?

Baba Pacha: Hata kama ni chai, ongeza sukari mkuu, tunywe. Kanzu ya mzee ulifua?

Mama Sahare: Jamani, uzi wangu umekuwa wa mihogo.

Nesi wa Zamu: Kunja magoti muda wote, macho mbele, si miguuni. Ukiona mambo yanaharibika chuchumaa, angukia ubavu au tako. Usitangulize kiganja, kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika. Kusimama, buruza mguu wa nyuma taratibu ukiwa mkingamo. Kinga za mikono nunua kabla hata ya viatu.

Bi Mkubwa Ngamiani: Mafuta ya nazi ya uvuguvugu na mchuaji mzuri, basi.

Nesi wa Zamu: Shikamoo bibi. Mkono uliovimba usichuliwe kabla ya eksirei.

Bi Mkubwa Ngamiani: Marahaba mwanangu. Mimi nimechuliwa mama yako hajazaliwa.

Dada wa Donge: Dera linafaa au suruali?

Mama Sahare: Suruali, juu tupia baibui fupi.

Bi Mkubwa Ngamiani: Dera, ulifunge kibwebwe. Hayo matairi yenyewe ndiyo sijui.

Baba Pacha: Mimi wanangu ndio walimu wangu. Jioni nikitoka kazini na wao wametoka chuoni, mmoja mkono huu, mwenziwe ule, wananivuta wanacheka mpaka wanakaa chini. Juzi wameona kwenye simu yule Mmarekani wa kuteleza barafuni, Ilia Malinin, anavyoruka ule mruko wanaouita Axel, mizunguko minne na nusu hewani, wananiambia "baba, fanya ile". Mimi nusu mzunguko tu nageukia ukutani. Lakini uchovu wa kazi wote unaishia pale, wallahi.

Fundi Spana: Haya. Namba 43 mtu anazipata wapi? Namuulizia rafiki yangu.