Naomba ushauri: modeli ya HMS Audacity, ndege nizipange vipi?

Habari wakuu. Nachonga modeli ya mbao ya HMS Audacity, meli ya Waingereza ya kubebea ndege za kivita, kwa kipimo cha 1:200. Meli yenyewe ilikuwa na mita 142 hivi, kwa hiyo kwangu inatoka sentimita 71.

Kwa msioifahamu, hii ilianza kama Hannover, meli ya mizigo ya Wajerumani ya kubebea ndizi. Waingereza waliiteka Karibiani Machi 1940, wakakata vyumba vya juu na kuitandikia sitaha ya kurukia ndege. Kazi ya haraka haraka, na inaonekana: haina mnara wa kuongozea, haina lifti, wala banda la ndege chini. Ndege zake za kivita, aina ya Martlet, zilikaa juu usiku na mchana, zikila chumvi, na mafundi wakazitengeneza hapohapo.

Sasa hapo ndipo nimekwama. Zikipangwa nyuma zinaruka vizuri, lakini hakuna inayoweza kutua mpaka zisukumwe mbele. Nionyeshe hali ipi? Mimi navutiwa na ya kutua, ndege mbili tatu zimebanana kwenye pua, ila naogopa modeli itaonekana imeelemea upande mmoja.

Pia, nyaya za kunasia ndege nitumie nini? Uzi wa kushonea unatoa manyoya.

Nataka iwe ya Desemba 1941, ikisindikiza msafara wa meli za mizigo wa HG 76, kabla nyambizi ya Wajerumani U-751 haijaizamisha tarehe 21. Mwenye picha za rangi za sitaha yake, tafadhali aweke hapa.