Mrejesho: ile Land Rover "ya jeshi la Uingereza"

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kuhusu Land Rover Series III fupi ya kijani, ambayo muuzaji aliapa ni ile nyepesi ya jeshi la Uingereza, iliyotengenezwa ibebwe na helikopta. Jumamosi nilirudi na fundi wangu wa Arusha. Mzee yule hana maneno mengi, alitoa futi kamba kwanza.

Ile nyepesi ya kweli bodi yake ina upana wa kama sentimita 152, na mabawa (madigadi) ya mbele ni bapa, kama yamekatwa kwa msumeno. Hii yetu ilivuka 160, na mabawa yake ni yale ya kawaida. Muuzaji akajitetea kwamba huenda ni ya jeshi aina nyingine. Sawa, zipo. Umeme ni volti 12, lakini hilo halimalizi ubishi: volti 24 zilikuwa kwa zile za jeshi zilizofungwa redio tu. Fundi akakwangua rangi ndani ya kibweta cha siti. Chini ya kijani kuna bluu ya bahari, kisha bati tupu la aluminiamu. Kijani cha jeshi cha zamani hakuna hata chembe!

Namba ya chesisi tuliisugua kwa brashi ya waya, mbele kulia pale springi inaposhikwa. Inalingana na kadi, na hilo ndilo lililonituliza.

Nimeichukua, ila kwa bei ya gari la shamba. Asanteni aliyenikumbusha futi kamba.