Tupeane uzoefu: vifaa vya fundi baiskeli visivyofahamika na kazi zake

Ndugu zangu, salaam. Katika masanduku ya mafundi wa zamani kuna vifaa ambavyo vijana wanaoingia kwenye kazi hii hawavitambui, na kifaa kisichotambuliwa huishia kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Naomba kila mmoja aeleze kimoja anachokifahamu kwa kukitumia. Naanza na kisahani kidogo cha chuma chenye mapengo kuzunguka ukingo wake: hicho ni spana ya spoki. Mapengo hayalingani kwa sababu nati za spoki hutofautiana, nyingi zikiwa kati ya milimita 3.2 na 3.5. Linalofaa ni lile dogo kabisa linaloingia, kwani pengo likizidi hata kidogo hula pembe za nati, na hapo kunyoosha rimu huwa kazi ngumu sana.

Fundi, Tabora
Ahsante kwa kuanzisha mada hii. Mimi nakileta kibanio chenye umbo la herufi C, chenye skrubu nene upande mmoja na tundu upande wa pili. Ni cha kutolea kota pini, yaani kile kipini chenye ubapa kinachoushikilia mkono wa pedeli kwenye ekseli ya katikati, katika baiskeli kama Phoenix na Raleigh za zamani. Wengi hugonga kwa nyundo. Kipini chenye kutu hupinda, ncha yake hupanuka kama uyoga, na nguvu ya pigo hufika hadi kwenye gololi. Kwa kibanio, nati huondolewa, skrubu huwekwa sawasawa juu ya ncha yenye nyuzi, kisha hukazwa polepole mpaka kipini kiachie kwa mlio mkali na kichwa chake kitokeze kwenye tundu. Asiye na kibanio auegemeze mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba kilichosimama sakafuni, ili pigo liishie chini. Akinunua kipini kipya apime kwanza, maana cha milimita 9 na cha 9.5 hufanana machoni.

Mchangiaji, Morogoro
Kile kipande kifupi cha chuma chenye meno mawili au manne ni cha kufungulia friwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma inayovutwa na mnyororo. Friwili hujikaza kila mtu anapokanyaga pedeli, kwa hiyo mkono mtupu hauiwezi. Mimi hukibana kifaa kwenye jiliwa (kibanio cha mezani) meno yakiwa juu, nikalaza gurudumu juu yake na kulizungusha kwa kushika rimu kwa mikono miwili. Kabla ya hapo nati ya ekseli hukazwa kidogo ili meno yasiteleze, na friwili ikishaachia tu, nati hiyo ilegezwe mara moja.

Fundi, Kisumu
Spana nyembamba, yenye unene wa takriban milimita 2, ni ya koni za habu, yaani nati zinazobana gololi kwenye kitovu cha gurudumu. Isitumiwe kwenye pedeli, itapanuka mdomo.

Mwanzisha mada
Nashukuru sana. Nyongeza yangu ni spana yenye ndoano moja, inayoshika pengo la ringi ya kufungia bakuli la gololi za katikati. Ringi hiyo iko upande wa kushoto na hufunguka kama nati ya kawaida, lakini bakuli la upande wa mnyororo, kwenye baiskeli zenye nyuzi za Kiingereza (mikato ya skrubu ya kipimo cha Uingereza), hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Mwenye kifaa maalumu cha bakuli hilo la kulia atueleze anavyokitumia.