Oscar: hivi vipengele "vidogo" vibaki laivu au vikatwe? Njooni tubishane

Mleta mada:
Wakuu heshima kwenu. Kila mwaka usiku wa Oscar, tuzo za filamu za Marekani, tukiwa tunakesha na kuandika humu kila kinachotokea, ikifika tuzo ya sauti au filamu fupi lazima kuna watu waanze "hawa nao kina nani, tuleteeni mastaa bana". Sasa imeshatangazwa kwamba kuanzia 2029 sherehe inaondoka kituo cha tivii cha ABC inahamia YouTube mpaka 2033, bure dunia nzima, kwa hiyo ule ubishi wa nani aonekane laivu na nani asionekane utarudi upya, na mi msimamo wangu nauweka mapema: vyote vibaki, tena hivyo mnavyoviita vidogo ndo viwe vya kwanza kubaki.

Kwa waliosahau, 2019 Academy, wenyewe wanaotoa hizi tuzo, walitaka tuzo 4 zitolewe wakati wa matangazo ya biashara, ikiwemo ya upigaji picha!! Yaani filamu, halafu aliyepiga picha asionekane. Madairekta kina Scorsese na Spike Lee wakasaini barua ya kupinga, siku chache wakaufyata. 2022 wakarudi kwa mlango wa nyuma, vipengele 8 kati ya 23 vikatolewa ukumbini saa moja kabla shoo haijaanza, wakavirekodi, wakavikatakata, wakavipachika katikati ya shoo. Uhariri, sauti, muziki wa filamu, ubunifu wa mandhari, mekapu na nywele, na filamu fupi zote tatu, ya kuigiza, katuni na makala. Eti kuokoa muda.

Matokeo yake sasa. Waliokuwa ukumbini wakawa wanatwiti washindi, sisi tunaofuatilia laivu tunajua kashinda nani halafu tunakaa kusubiri tuonyeshwe akishangaa. Filamu ya Dune ilibeba tuzo 6 usiku ule na 4 kati ya hizo zilitolewa kwenye ile saa ya kufichwa. Riz Ahmed, muigizaji mwenye jina lake kabisa, kapata Oscar ya filamu fupi humo humo. Na muda waliookoa uko wapi? Shoo ilikwenda kama saa 3 na dakika 40, ndefu kuliko ya mwaka uliotangulia. 2023 wakarudisha vyote laivu.

Haya, mnaotaka vikatwe njooni na hoja, msije na matusi.

Mzee wa Rimoti:
Nimekuja na hoja. Hii ni shoo ya tivii, siyo mahafali ambapo kila mtoto lazima aitwe jina lake mama yake apige vigelegele. Mwaka wa Titanic, 1998, Wamarekani zaidi ya milioni 55 waliangalia. 2021 wakabaki kama milioni 10. 2022 walipokata hivyo vipengele vyako wakapanda zaidi ya milioni 16. Hapo unabisha nini?

Na huku kwetu mnajisahaulisha tu, shoo ilikuwa inaanza saa tisa usiku, 2024 wakaisogeza ikawa saa nane, mtu ana kibarua asubuhi unamkalisha macho amsikilize jamaa anamshukuru mkewe na mwanasheria wake kwa filamu ya dakika 20 ambayo hata kwenye vibanda umiza haijawahi kufika. Tunakesha kwa ajili ya bahasha ya mwisho, tuambiane ukweli.

Bint Makorora:
Mzee shikamoo, ila hizo namba umezichuma zilizoiva tu. 2021 ilikuwa korona, sherehe wamefanyia kwenye stesheni ya treni ya Union Station, majumba ya sinema yamefungwa, nani alikuwa anazijua hizo filamu? Tena waliipeleka tuzo ya muigizaji bora wa kiume mwisho kabisa kila mtu akidhani anapewa marehemu Chadwick Boseman, akashinda Anthony Hopkins ambaye hata ukumbini hayupo, shoo ikaisha kama umeme umekatika. Lazima 2022 wapande, wangeshuka waende wapi?

Na umeruka 2023. Vipengele vyote vimerudi laivu, watazamaji wakapanda zaidi ya milioni 18. 2024 zaidi ya 19. Sasa hizo nazo utasema nini baba yangu.

Afu hilo kofi la Will Smith mnalolikumbuka, la 2022, aliyepigwa Chris Rock alipanda jukwaani kutoa tuzo ya makala. Kipengele ambacho watu wa aina yako huwa wanakwenda chooni. Aliyeonewa ni Questlove, mshindi wa hiyo tuzo, kapanda kuchukua Oscar yake ya maisha ukumbi mzima akili haipo. Na laivu yenyewe ABC waliikata sauti, Wamarekani wakaona midomo inacheza tu, klipu yenye maneno ikaja kupatikana kutoka Japani na Australia.

Mzee wa Rimoti:
Marahaba mwanangu. Kwa hiyo unakiri kilichovuta watu ni kofi, siyo uhariri.

Bint Makorora:
😂😂 Sikiri kitu.

Fundi Bumu:
Naombeni niingie kwa sababu nimetajwa bila kutajwa. Mi ni mtu wa sauti, nashika bumu, ile fimbo ndefu ya maiki, kwenye seti za hapa Dar. Watu wanadhani kazi yetu ni kuwasha maiki na kusema "tayari". Njoo siku moja tushuti nje Kinondoni. Muigizaji analia machozi ya kweli kabisa, bajaji inapita, unasema kata, tunarudia, kunguru, kata, tunarudia, jirani kawasha jenereta, sasa machozi yameisha na dairekta anakuangalia wewe kama umemuibia. Ukimaliza hapo mzigo unakwenda studio, mtu anakaa anasafisha, anatengeneza mlio wa viatu, wa mlango, wa nguo, vitu ambavyo wewe mtazamaji ukivisikia huvijui na visipokuwepo unasema "hii muvi mbona kama feki".

Humu humu kila wiki kuna mtu analalamika bongo muvi sauti mbovu, muziki unafunika maneno, huku sauti inatoka chumbani huku iko chooni. Sawa, kweli. Halafu usiku mmoja kwa mwaka ambapo fundi sauti anasimama mbele ya dunia na suti yake, mnataka afichwe? Kijana wa hapa atajuaje kama hii ni fani ya mtu mzima na ina heshima yake? Na walishatupunguza, mpaka 2020 zilikuwa tuzo mbili, ya kuhariri sauti na ya kuchanganya, 2021 wakaziunganisha ikawa moja. Sisi tulikaa kimya.

Mzee wa Rimoti:
Fundi heshima yako, kazi yako naijua ngumu. Lakini kuheshimiwa na kuonyeshwa laivu si kitu kimoja. Emmy, tuzo za tivii, wana usiku wao kabisa wa mafundi, siku tofauti, hakuna anayelia. Grammy, tuzo za muziki, nyingi zinatolewa mchana kabla shoo haijaanza. Hata hao Oscar wenyewe tuzo za heshima walizitoa kwenye matangazo tangu 2009, zina hafla yake. Nani alikufa?

Mleta mada:
Mzee hapo umenipa mpira mwenyewe golini. Grammy za mchana, nani yuko mchana? Burna Boy wa Nigeria 2021 kapata Grammy yake ya kwanza kwenye hiyo hafla ya mchana, katumbuiza huko huko. Bara zima tulikuwa tunamsubiri, usiku kwenye shoo kubwa hayupo. Ukishaanza kugawa wa mchana na wa usiku, sisi tunajua tunaangukia wapi, haijawahi kuwa usiku.

Na hizo tuzo za heshima, chukua 2002. Ile shoo ndo inashikilia rekodi ya urefu, saa 4 na dakika 23, kwa vipimo vyako ni shoo mbovu kuliko zote. Usiku huo muigizaji mkongwe Sidney Poitier kapewa Oscar ya heshima, Denzel Washington kashinda, Halle Berry kawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata muigizaji bora wa kike. Denzel anatania kwamba miaka 40 anamkimbiza Sidney, siku anayopewa yeye na Sidney naye anapewa, anainua sanamu yake, mzee kule juu naye anainua yake. Ingekuwa kwa utaratibu wa sasa Poitier angepewa yake mwezi Novemba kwenye chakula cha usiku na picha ile isingekuwepo. Harry Belafonte 2014 kapewa namna hiyo, niambie wangapi humu walimuona.

Msee wa Eastlands:
Wasee, mko na maneno mingi lakini mmesahau kitu moja. Hiyo kategori ya filamu fupi mnataka kutoa ndio Watu Wote iliingia nayo 2018. Ile stori ya basi ya Mandera, Desemba 2015, Al-Shabaab wamesimamisha basi wanataka Waislamu watenganishwe na Wakristo, abiria Waislamu wakakataa. Filamu imeongewa Kiswahili na Kisomali, iko Dolby Theatre, ukumbi wa Oscar, inasomwa jina, na hapa Nairobi ni alfajiri watu wako macho. Hatukushinda, ilienda kwa The Silent Child ya Waingereza, na hata sikukasirika juu huyo dada Rachel Shenton alitoa spichi yake akiongea na mikono kwa lugha ya ishara, alikuwa ameahidi katoto kenye kaliigiza, ka miaka 6, kiziwi. Laivu. Hiyo ungeirekodi ukate nusu?

Sasa sikia hii. Usiku huo huo MC Jimmy Kimmel alitoa mastaa ukumbini akavuka nao barabara mpaka sinema ingine kugawia watu hot dog. Dakika ziliisha hapo mob sana. Na hakuna mtu ashawahi sema hot dog zitolewe saa moja mapema.

Mzee wa Rimoti:
Watu Wote ni ya Wajerumani, wanafunzi wa Hamburg.

Msee wa Eastlands:
Chuo ni cha Hamburg ndio, na dairekta Katja Benrath. Lakini waigizaji ni wetu, lugha ni yetu, na waliofanya hiyo kitu kwa basi ni watu wetu. Ukitaka zenye zilipelekwa na nchi za huku, Kenya ilipeleka Nairobi Half Life 2012, nyinyi Tanzania mkapeleka Vuta N'Kuvute 2022, zote kwa ile kategori kubwa ya filamu ya kimataifa. Zilifika kwa wale watano? Zii. Huko nchi kama tisini zinapigania nafasi tano na kampeni ni pesa. Lupita Nyong'o alishinda 2014, mimi najivunia mpaka leo, lakini Lupita ni mmoja. Mlango yenye tunaeza pita ni hiyo ndogo.

Bint Makorora:
Na weusi wa Marekani wenyewe pia! Hannah Beachler, ubunifu wa mandhari, filamu ya Black Panther, 2019, mtu mweusi wa kwanza kushinda hicho kipengele. Mia Neal na Jamika Wilson, mekapu na nywele, 2021, wanawake weusi wa kwanza kushinda chao. Vyote viwili vimo kwenye orodha ya 8 zilizofichwa 2022. Mtu anaingia kwa mara ya kwanza, kesho yake taa inazimwa.

Mzee wa Rimoti:
Hapo dada umenigusa, sibishi. Ila naomba mnijibu hili bila kuzunguka. Academy wanaongeza, hawapunguzi. 2026 wameingiza tuzo ya wanaochagua waigizaji, 2028 inaingia ya stanti, wale wa michezo ya hatari. Zinafika 25. Kila moja na spichi, kila moja na kutembea kutoka kiti cha nyuma maana hao mafundi wenu wanakalishwa nyuma kabisa. Mtaniambia YouTube haina saa ya kufunga, sawa, lakini mi nina saa ya kulala. Na kwenye YouTube mtu ana kidole, akiona katuni fupi anaruka mbele. Laivu yenu itakuwa ya nani?

Mleta mada:
Akiruka ni kidole chake mzee, tofauti ni kwamba kilikuwepo cha kuruka.

Na kama ni kupunguza, tuanze na wanaokula muda. Muigizaji Adrien Brody 2025 kaongea dakika 5 na sekunde 40, rekodi, na muziki ulipoanza kumfukuza akauambia unyamaze. Ni fundi huyo? 2018 Kimmel aliahidi pikipiki ya majini kwa mwenye spichi fupi kuliko wote, ikachukuliwa na Mark Bridges wa mavazi, ambaye ndo hao hao kina nani. Mi nakata utani wa wale wawili wawili wanaotoa tuzo huku wanasoma kwenye kioo, nakata MC nusu, nakata zile video za "tukumbuke uchawi wa sinema", tuko ukumbini kwenye sinema jamani tunakumbushwa nini tena.

Fundi Bumu:
Na viti. Watusogeze mbele kidogo, nusu dakika kila tuzo inaishia njiani.

Mzee wa Rimoti:
Hilo la viti nasaini. Na la MC nasaini. Lakini katuni fupi ikianza nakwenda kuchemsha chai, mtu asinitag.

Bint Makorora:
Mzee tuzo ya katuni fupi ndo dakika mbili tu, maji hayatachemka.